Antena ya Miguu Minne

Mwenda pole hajikwai, waliniimbia tangu nikiwa mgongoni. Kweli kabisa, hajikwai. Huzama tu, na vidole vyake vya miguu vikiwa vizima.

Nasema hivi kwa sababu asubuhi ile kila mtu ofisini kwetu alikuwa anakwenda pole isipokuwa maji.

Ofisi yetu ni ya maji. Ni kituo kidogo juu ya mteremko: kaunta ya malalamiko, ghala la mabomba, na chumba changu chenye redio ya upepo ya kuongelea na bwawani. Mimi ndiye fundi mitambo, mwenye diploma ukutani na dirisha lisilofungika. Chini yetu kuna mtaa wa Bondeni, nyumba zimebanana kando ya mto kama meno, na katika safu ya pili kutoka mtoni anakaa mama yangu, mshonaji, mwenye goti bovu na kichwa kigumu kuliko goti. Juu yetu, mwendo wa saa moja kwa gari, ni bwawa. Mlinzi wa mageti ya bwawa ni mjomba wangu, kaka yake mama wa tumbo moja.

Mvua ilikuwa siku ya nne. Upepo ulikuwa umelaza mnara wa simu kule kilimani, na huku kwetu ukaukunja mlingoti wa antena kama mrija wa soda. Simu ya mwisho kuniingia ilikuwa ya mjomba, kulipokuwa kunapambazuka.

"Maji yapo mstari wa nane," alisema. "Yakigusa wa tisa nafungua mageti yote matatu. Nisipofungua, ukuta wenyewe utaondoka. Yakikaribia hapo nitaita kituoni kwenu kwa redio mara tatu, kila baada ya robo saa. Msiponijibu nafungua hivyohivyo. Ndiyo kanuni, sikuitunga mimi."

"Mjomba, mama yuko..."

"Najua dada yangu aliko. Kaa kwenye redio."

Simu ikafa mkononi mwangu.

Kwa nini nisishuke tu nikamchukue mama? Nilishuka. Nilimkuta anapiga pasi pindo la sare za shule, maji ya mto yakiguruma nyuma ya nyumba kama lori lisilopita.

"Mwaka huu mmetuhamisha mara mbili," aliniambia bila kuinua macho. "Mara mbili nimelala kwenye dawati la darasa, na mto haukuja hata kusalimia. Kaka yangu akisema kafungua, nitaondoka. Wewe nenda kazini, utachelewa."

"Simu hazifanyi kazi, mama. Atasemaje?"

"Si una diploma?"

Kutoka mageti yanapofunguliwa hadi maji yafike Bondeni ni saa moja na nusu. Muda huo unatosha kuhamisha mtaa mzima, ila uwe unajua umeanza lini. Nilipanda mteremko mbio.

Mkuu wa kituo tulimwita Mzee Barua, kwa kuwa hata kiti kikivunjika alikiandikia barua kabla ya kusimama. Redio yetu ya pili ilikwenda kutengenezwa miaka miwili nyuma, na barua yake ya kuisindikiza bado inasubiri majibu. Nilimkuta ameshaandika tarehe.

"Yah: Maombi ya antena mpya," alisoma. "Nakala kwa nani?"

"Kwa mto, Mzee. Labda utasoma."

"Usinifanyie mzaha. Unataka nini?"

"Ghala. Na Koki."

Koki alikuwa fundi bomba wetu. Jina lilimpata kwa sababu mdomo wake, hata ukifungwa vipi, unadondosha. Nilimwambia ninachotaka na akaniletea vyote kwenye meza ya ghalani, hatua chache kutoka redioni, bila kuuliza, jambo lililonitisha kuliko mvua: fimbo tano nyembamba za shaba anazoyeyushia kwenye maungio ya mabomba, mtungi wake mdogo wa gesi, msumeno wa chuma, koleo.

Antena niliyokuwa nataka si kitu cha ajabu. Ni fimbo moja iliyosimama, na miguu minne chini yake iliyotanuka kuelekea pande nne. Katikati panakaa soketi ya waya, ile ya mraba yenye tundu kila pembe. Niliing'oa kwenye mabaki ya antena ya zamani. Fimbo inalehemiwa kwenye ulimi wa katikati, miguu inafungwa kwa skrubu kwenye matundu manne. Urefu unatokana na masafa ya redio. Kwa masafa yetu, fimbo inataka kuwa pungufu kidogo ya nusu mita, na miguu imzidi mwenzao kwa vidole viwili. Unaanza na ndefu, kisha unapunguza kwa msumeno, unapima, unapunguza. Kama mama anavyoshona: kitambaa kilichokatwa hakiombwi kirudi.

Hatari ilikuwa kwenye kupima. Ukibonyeza kitufe cha kusema, redio inasukuma nguvu kupanda kwenye waya. Antena isipokuwa na vipimo sawasawa, nguvu inakataa kutoka. Inageuka, inarudi kwenye redio, na redio inajiunguza utumbo. Nilikuwa na kipimo chenye sindano kinachoonyesha kiasi kinachorudi. Sindano ikikaa kwenye moja, uko salama. Ikifika tatu, unaiua redio kwa kidole chako mwenyewe. Na redio ilikuwa hiyohiyo moja, ikinywa umeme wa betri kuukuu ya pikapu.

Nilibonyeza kwa muda wa kupepesa jicho. Mbili na nusu.

"Nzuri?" aliuliza Koki.

"Mbaya."

"Sasa mbona unatetemeka kama nzuri?"

Miguu ilikuwa imelala mlalo, kama mikono ya mtu anayesulubiwa. Inatakiwa iinamie chini, nusu ya pembe ya mraba, ndipo redio na antena zinaelewana. Sikuwa na kifaa cha kupimia pembe. Nilichukua karatasi mezani kwa mkuu, nikakunja kona yake ikalaliana sawasawa, nikapata mshazari wangu. Ilikuwa barua ya Mzee Barua. Niliinamisha mguu wa kwanza kwa koleo mpaka ukalala juu ya mkunjo wa "Yah:", halafu wa pili, wa tatu, wa nne. Nikabonyeza. Mbili kasoro.

Nikakata ncha ya fimbo, upana wa ukucha. Nikabonyeza. Nikakata tena. Kila nilipobonyeza nilinusa, nikitafuta harufu ya kuungua. Moja na nusu. Nikakata. Moja na kidogo. Niliguna kama mtu aliyetua mzigo.

"Tupandishe," nilisema.

Tuliifunga kwenye bomba refu la plastiki, tukapanda ngazi hadi juu ya paa la mabati. Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba tuliongea kwa kupigana makofi mabegani. Kutoka pale niliiona Bondeni yote. Mto ulikuwa rangi ya matofali, na ulikuwa umeshaingia kwenye bustani za mchicha za safu ya kwanza. Niliona paa la mama, lenye bati moja jipya linalong'aa kama jino la dhahabu. Moshi ulikuwa unatoka. Alikuwa anapika.

Nilishuka nikabonyeza.

Sindano iliruka hadi tatu.

Niliachia kitufe kama nimeshika kaa la moto. Nilikagua soketi, nikakagua waya. Halafu nikageuka nikalitazama ghala kupitia mlango ulio wazi, na nikaelewa, na nikajitukana tusi ambalo mama hajui kama nalijua. Nilikuwa nimeipima antena katikati ya mabomba mia mbili ya chuma! Mafundi wengine wote duniani wanapimia antena uwanjani. Sisi, watu wa maji, tunafanyia kila kitu ghalani kwa sababu ndiko kwenye meza. Chuma kile chote kilikuwa kinaidanganya antena ijione ndefu kuliko ilivyo, nami nikaikata ili kuyafurahisha mabomba. Sasa iko hewani, huru, na ni fupi.

Ndipo redio ikakoroma.

"Kituo cha chini, kituo cha chini. Hapa bwawani. Mwito wa kwanza."

Sauti ya mjomba ilikuwa nyembamba, kama inatoka ndani ya chupa. Antena mbovu inaweza kusikia. Ni kusema ndiko kunakoua redio. Nilimsikia anavuta pumzi akisubiri. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nikikibonyeza na redio ikaungua, sitasikia hata mwito wa pili. Nisipokibonyeza, anadhani hakuna mtu.

"Mnanisikia? ... Haya. Nitaita tena."

Nilikiondoa kidole. Ni jambo gumu kuliko yote niliyofanya siku ile, kukiondoa.

Mzee Barua alikuwa amesimama mlangoni, miwani mkononi. "Huyo ni mjomba wako?"

"Ndiyo. Kaa hapa, Mzee. Nikipiga kelele 'bonyeza', bonyeza kitufe hiki, soma sindano, achia palepale. Usihesabu mpaka mbili."

"Mimi sina mafunzo ya..."

"Kaa!"

Alikaa. Sijawahi kumwamrisha mtu mzima hivyo maishani, na nafikiri alikaa kwa mshangao.

Nilirudi juu na kipande cha waya wa shaba. Nilikizungusha kwenye ncha ya fimbo kiwe kama kofia ndefu inayoweza kupanda na kushuka, maana fimbo fupi hairefushwi ila kwa kuungwa. Koki aliniinamia kwa mwavuli uliovunjika mbavu mbili. Radi ilipiga ng'ambo ya mto. Nilihesabu moyoni mpaka nikasikia ngurumo: sita.

"Umesimama juu ya bati, umeshika fimbo ya shaba, radi inapiga," alisema Koki. "Nikuulize tu, diploma yenu walifundisha hili?"

"Walifundisha tusifanye."

"Mimi sikusoma. Mimi nina udhuru. Wewe je?"

"Shika mwavuli, Koki. Bonyeza, Mzee!"

Sauti ya Mzee Barua ikapanda kupitia dirishani, kwa utaratibu wa mtu anayesoma kumbukumbu za kikao: "Mbili... na... ngoja nivae miwani."

"Achia! Achia!"

"Nimeachia. Ilikuwa mbili na nusu."

Nikavuta kofia juu kidogo. "Bonyeza!" Mbili. Radi. Nikahesabu: nne. Mabati yalitetemeka chini ya magoti yangu, na vinyweleo vya mikono vikasimama vyenyewe. Koki alikuwa ameacha kusema, mdomo wake umefungwa kabisa kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nikavuta tena.

"Anaita!" alipaza sauti Mzee Barua. "Mwito wa pili! Niseme nini?"

"Usiseme kitu! Usiguse!"

Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Nilivuta kofia kwa meno. Radi ilipiga, nikahesabu mpaka mbili tu. Nilitamani kushuka. Niseme ukweli wote: mguu wangu mmoja ulikuwa umeshaitafuta ngazi wenyewe, bila ruhusa yangu. Nilitazama bati la mama linalong'aa, nikaurudisha.

"Bonyeza!"

"Moja na... nusu. Kasoro nusu. Moja na robo!"

Koki aliwasha gesi chini ya mwavuli, moto ukalamba shaba, risasi ya kulehemu ikayeyuka ikashika. Nilishuka ngazi nikiruka vidato. Redio ilikuwa imeshaanza.

"Kituo cha chini, hapa bwawani, mwito wa tatu na wa mwisho."

Nilibonyeza na kusema, na sikunusa kitu.

"Mjomba, nakusikia. Nakusikia!"

"Nilidhani mmekufa. Sikiliza. Tumepita mstari wa tisa kwa vidole viwili. Nafungua yote matatu sasa hivi. Nyuma yangu ukuta unatoa maji kwenye ufa. Saa moja na nusu, mpwa wangu. Mwambie dada yangu..." Nilisikia mvua ya kwake ikichanganyika na ya kwetu. "Mwambie atoke."

Nilimgeukia Mzee Barua. "Funguo za pikapu. Naenda kutangaza."

"Tangazo la hatari linatoka makao makuu, kwa maandishi. Ukizua taharuki watu wakaumia, nani atajibu?"

"Mimi."

Hakunipa funguo. Hakunizuia pia nilipozichukua kwenye msumari.

Pikapu yetu ina kipaza sauti cha kutangazia siku za kukosa maji. Koki aliendesha, mimi nikashika kipaza. Tuliingia Bondeni nikasema ukweli, neno kwa neno: mageti ya bwawa yamefunguliwa, maji yatafika ndani ya saa moja na nusu, pandeni shuleni.

Mtaa ulicheka.

Naapa. Mwanamke mmoja aliyekuwa anafagia maji kibarazani aliegemea ufagio. "Hao wa maji? Miezi miwili bomba langu linakohoa hewa, leo ndiyo mnatuletea? Leteni kwanza bombani!"

"Mkipita tena mtuambie na bei!" alidakia mwingine dirishani.

"Mara ya tatu hii mwaka huu," alisema mzee mmoja, akafunga mlango wake polepole, kwa heshima kabisa.

Tulizunguka njia mbili, bado hatujafika ya mama. Watu watano walitoka. Watano! Nilitazama saa. Dakika thelathini na tano zimekwisha. Nilijua neno gani lingewatoa. Nimesoma, najua uzito wa maneno. Nilijua nalichagua na nilijua ni uongo.

"Bwawa limepasuka!" nilipiga kelele. "Limepasuka! Kimbieni!"

Koki alinigeukia, uso umemwisha damu. "Unasema nini wewe?"

"Endesha."

Milango ilifunguka yote kwa pamoja. Watu walimwagika barabarani na watoto, na magodoro, na mbuzi. Yule mwenye ufagio alikimbia nao bado ameushika. Nilirudia, na kila niliporudia sauti yangu ilizidi kunitisha, kana kwamba ni mtu mwingine ndiye anayeniambia mimi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, sindano na uzi midomoni. Aliitoa sindano.

"Limepasuka?"

"Twende, mama."

"Na kaka yangu?"

Hapo ningeweza kusema. Koki alikuwa mbali kwenye usukani, hakuna ambaye angesikia. Lakini nilimjua: nikimwambia kaka yake mzima, atajua ukuta mzima, na akinishika na uongo huo hataniamini hata la mageti, atarudi kwenye pindo la sare. Nikanyamaza. Aliusoma ukimya wangu kama anavyosoma mshono.

Hakulia kwa sauti. Alijikunja, akaushika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili na kusema, "Basi niacheni na mimi." Nilimvuta. Alishika. Nilimvuta kwa nguvu zangu zote, nikisikia mto, nikisikia saa, na mkono wake wa kulia ukavunjika mikononi mwangu. Nilisikia mlio wake. Ni kama kijiti kibichi. Tulimbeba mimi na Koki tukamlaza nyuma ya pikapu, naye alikuwa analitaja jina la utotoni la mjomba, tena na tena, njia nzima.

Maji yalikuja. Tuliyatazama kutoka uwanja wa shule yakifika na magogo na mlango wa choo cha mtu. Yaliingia safu ya kwanza mpaka magotini. Geti la tatu lilikuwa limegoma nusu, ndiyo maana maji yakaja kidogo, tukaja kujua baadaye. Mjomba alilipigania kwa nyundo mpaka jua likachwa, geti likakataa. Mvua ikakatika huko juu, ukuta ukasimama. Hakuna aliyekufa. Nyumba ya mama ilipata maji mpaka kwenye kanyagio la cherehani, basi.

Siku mbili sikumwambia mama ukweli, maana nilihofia ule ufa, na akijua angerudi nyumbani. Siku ya tatu mjomba alishuka. Mama alipomwona akiingia mlango wa darasa, mwenye matope na mzima, alitoa mlio ambao sitaki kuusikia tena. Alimpapasa uso kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa kwenye plasta. Daktari alisema vidole huenda visishike sindano kama zamani. Kisha mama akanigeukia.

"Kanyagio," alisema. "Maji yaliishia kwenye kanyagio. Ningepanda kitandani nikanywa chai."

"Ndiyo, mama."

"Mkono sikudai. Mkono utapona au hautapona. Lakini ulinifanya nimzike kaka yangu siku mbili nzima, moyoni, akiwa hai. Unajua nilimwambia nini, nikimwombea? Hujui. Mimi ni mama yako. Niombe radhi."

Yule mwenye ufagio alikuwa anatazama, na mzee aliyefunga mlango kwa heshima.

"Mwombe tu," alinong'ona mjomba. "Neno moja, mpwa wangu. Linakugharimu nini?"

Radhi ya mama si kitu cha kuchezea. Nimelelewa nikiiogopa kuliko radi. Lakini nilikuwa nimeuona ule ufa kwa masikio yangu, katika sauti ya mjomba, na geti lile halikugoma kwa hekima ya mtu yeyote.

"Nitakuvalisha, mama," nilisema. "Nitakulisha, nitakufulia, nitakaa kwenye cherehani nishone hizo sare na uniseme kila mshono. Ila radhi siombi."

"Rudia."

"Siombi."